Zamu ya Kutetea Matokeo

Élisabethville, Katuba
2 Septemba 1961

Ndugu yangu André,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kila neno lililomo humu libaki kwako: usimwambie mkeo, wala padri wa parokia, wala usilitoe kwa utani ukiwa kwenye pombe. Ukimaliza kusoma, itie barua motoni na usiondoke mpaka iwe majivu. Naandika Kiswahili kwa sababu Wazungu wa kukodiwa wanaofungua bahasha kwenye gari la moshi wanajua Kifaransa tu. Mulenga, yule mchochea moto wa injini, ataiweka ndani ya kiatu chake.

Hapa hali ni mbaya kuliko mnavyosikia huko Sakania. Unamkumbuka fundi baiskeli wa karibu na soko la Kamalondo, yule aliyekuwa akiimba huku anapiga pampu? Vijana wa chama tawala, wanaotaka kuwafukuza watu wa Kasai, walimtoa kibandani Jumatatu, mchana kweupe, wakamuuliza ametoka wapi. Aliposema Kasai, walimfunga kwa mipira ya magurudumu yake mwenyewe, wakammwagia petroli. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na mkate mkononi. Kuna watu waliocheka. Mimi sikucheka, na sikufanya kitu kingine chochote. Nilikwenda kazini, nikaandika hati za mizigo hadi saa ya chakula, na mwandiko wangu haukutetemeka. Hilo linanitisha kuliko ule moto.

Basi tuendelee na ubishi wetu wa Jumamosi, angalau kichwa kipate kazi nyingine. Padri wetu wa seminari amekufa na kofia yake ya kupigia kura, lakini kanuni zake ni zile zile: unatetea upande uliokuangukia, uuamini usiuamini, na kabla ya kumjibu mwenzako unairudia hoja yake mpaka akubali kwamba umeielewa. Kati ya shule zetu tatu, tabia, matokeo na wajibu, mara iliyopita wewe ulitetea tabia. Sasa zamu ya matokeo ni yako, na tabia ni yangu. Lucien, kama tulivyomzoea tangu seminari, hapigi kura na mtu. Yeye ni wa wajibu siku zote, na kwake uongo ni uongo hata ukiambiwa fisi.

Kesi ni hii. Mtu mmoja, tumwite Mwenyeji, anaishi na dada yake mjane na watoto wa dada. Darini, chini ya mabati, amemficha mgeni ambaye nyumba yake imechomwa. Njia zote za kumfikisha mgeni kwa wenzake zina vizuizi. Wanaomtafuta wametangaza kwamba nyumba itakayokutwa na mtu wa namna hiyo itachomwa na wote waliomo. Mtoto mdogo wa dada ameanza kutazama juu kila anapokula. Mwenyeji afanye nini?

Kwa upande wa tabia nasema hivi: tusiulize tu tendo lipi ni jema, tuulize mtu atakuwa nani baada ya kulitenda. Anayemtoa mgeni leo, kesho ni mtu anayetoa wageni. Hawezi kulivua jambo hilo kama koti.

Na swali moja lisilo la ubishi: darasani kwako kuna kiti kimoja kitupu? Nijibu hilo kwa uangalifu.

Ni mimi,
Clément Mwape


Sakania
5 Septemba 1961

Bwana Karani wangu mwoga,

Umenifungisha mlango kwenye joto hili, na Claudine amenuna akidhani nimepata barua ya mwanamke. Nimemwambia ni barua ya Clément. Akasema, "Ule hata mwanamke hawezi kumuandikia." Pokea salamu hizo.

Habari ya fundi baiskeli imeniuma sana. Sikujua mambo yamefika huko. Hapa wanajeshi wetu wanakunywa, wanalala, wanaamka kuuliza kama bia imeletwa. Kaa nyumbani, ndugu yangu. Toka kazini nenda kwa dada yako, yaya Adolphine, usipite penye watu.

Sasa kesi yako. Narudia hoja: unasema mtu hutenda tendo, kisha tendo humtengeneza mtu, kwa hiyo Mwenyeji asimtoe mgeni maana atageuka mtoaji wa wageni. Nimeielewa? Umekubali. Sasa nakuvunja.

Matokeo hayaulizi Mwenyeji atajionaje kwenye kioo. Yanauliza nani atakuwa hai Jumapili. Upande mmoja wa mizani kuna mtu mmoja. Upande wa pili yupo mjane, wapo watoto wake, yupo Mwenyeji mwenyewe, na huenda majirani pia kwa sababu moto haujui ua. Anayeitunza roho yake nzuri kwa gharama ya watoto wa dada yake hana tabia njema. Ana majivuno.

Lakini mimi simwambii Mwenyeji amtoe mgeni. Wewe umemuuliza mtu asiyehusika. Kesi hii ni ya mgeni. Yeye ndiye analala chini ya mabati akiwasikia watoto wa watu wakipumua chini yake, naye anajua kwamba kila pumzi yao ameiazima. Mgeni mwenye akili hangoji kutolewa. Atachagua saa ambayo nyumba haina mtu, atafunga mlango nyuma yake, na atakwenda. Akibaki, basi yeye ndiye anayewaua, polepole, na kwa adabu.

Jibu hilo, kama unaweza. Mwonyeshe na Lucien, atacheka sana. Alisema siku zote kwamba nikitetea matokeo nafanana na mchuuzi wa sokoni anayepima nyama na kidole chake juu ya mizani.

Kuhusu viti, vipo tele. Nusu ya watoto wamevuka kwenda Rhodesia na wazazi wao. Kwa nini unauliza? Unataka kuja kufundisha? Kwa sauti yako ile watalala wote.

Mwalimu André Chileshe


Élisabethville
8 Septemba 1961

André,

Mgeni alikuwa Lucien.

Nilidhani umeelewa. Niliandika kiti kimoja kitupu nikadhani utaona ninachoomba: kwamba Mulenga amlaze nyuma ya makaa ya mawe na wewe umpokee Sakania, umvushe. Kosa ni langu. Nilimwogopa msomaji wa barua kuliko nilivyomwogopa aliyekuwa akimtafuta Lucien.

Nilipopata jibu lako sikutaka alione. Lakini alisikia Mulenga akitaja jina lako mlangoni, akanyoosha mkono kutoka kwenye tundu la dari. Alisema, "Leta, nimuone huyu mchuuzi." Nikampa. Alicheka kweli. Alicheka mpaka akaweka shati mdomoni. Kisha akaisoma tena, na mara ya pili hakucheka. Alinirudishia akasema, "Amejibu vizuri. Padri angemupa maksi yote."

Jana mchana, yaya Adolphine akiwa sokoni na watoto kwa jirani, alishuka. Alinawa uso. Alivaa shati langu jeupe na kravati yangu ya kazini, ile ya buluu, akafunga mlango, akaweka ufunguo chini ya sufuria. Alikuwa akielekea kwenye mahema ya Umoja wa Mataifa, wanakokimbilia watu wa Kasai, kwa mama yake. Mama Kapinga alifika huko juma lililopita.

Mimi nilikuwa narudi kula. Penye kizuizi cha kwenye reli nikaona watu wamejaa, nikataka kupita pembeni kama ulivyonishauri. Anayekitawala kizuizi hicho ni Léonard, tuliyecheza naye mpira wa parokia wakati wa likizo, yule kipa. Alikuwa amemshika mtu kwa kravati. Kravati niliijua kabla sijaujua uso.

Léonard alikuwa akimuuliza, "Weye, uko muntu wa wapi?"

Angeweza kusema chochote. Kiswahili chake ni cha hapa, Kibemba anakijua kuliko mimi. Alisema, "Nilizaliwa hapa Kamalondo. Baba yangu iko wa Kasai."

Nafikiri hata watu wa kizuizini walikuwa wakingoja awadanganye.

"Kumbe na haya hauna," Léonard akasema. Kisha akaniona. "Karani! Kuya hapa. Huyu muntu amevaa kama weye. Unamujua?"

André, tulisoma miaka yote ile. Niliitafuta ndani ya kichwa changu shule moja kati ya zile tatu, hata moja tu, na sikukuta kitu. Kabla sijafungua mdomo, Lucien akasema, "Huyu bwana miye simujui."

"Sikukuuliza weye."

"Simujui," akarudia, akanitazama kama unavyomtazama mtu asiye na jina.

Léonard akacheka. "Sawa. Kama hamujuane, basi mupige. Unapigaka mashini ya kuandika kila siku, leo piga muntu." Akanitia mpini wa jembe mkononi. Nyuma yangu mtu akasema, "Karani anaogopa kuchafua shati." Mwingine akasema kama simpigi, basi tuko wawili, na petroli iko ya kutosha wawili.

Nilimpiga. Alianguka, nikampiga tena. Wakaanza na wao, kwa mateke na kwa mawe ya reli, nami nikawa katikati yao na mpini ule, nikipiga ili wasione kwamba nimeacha kupiga. Jicho lake la kushoto lilitoka mahali pake. Hilo nililiona.

Kisha likaja lori la Umoja wa Mataifa, askari wakafyatua risasi juu, watu wakatawanyika. Nilikimbia pamoja na Léonard, kwa upande wake, kwa sababu ndiko miguu ilikoelekea. Nikatazama nyuma nikaona wanambeba kwa mikono na miguu kama gunia. Sijui kama yu hai.

Jioni Léonard alifika nyumbani na chupa za bia. Alinikumbatia mbele ya yaya Adolphine. Alisema, "Huyu ni wetu." Nikanywa.

Usinijibu kwa kesi.

Clément


Sakania
11 Septemba 1961

Clément, ndugu yangu,

Mulenga amesimama mlangoni, gari linaondoka, naandika mbiombio.

Mimi siamini hata neno moja la ile barua. Ilikuwa zamu yangu. Unajua kwamba ilikuwa zamu yangu. Kama kura ingeniangukia tabia, ningeandika kwamba mgeni akae darini mpaka mwisho wa dunia, na ningeandika vizuri vile vile. Hilo ndilo linalonitapisha. Ningeandika vizuri vile vile.

Sikuichoma barua yako ya kwanza. Niliiweka kwenye droo nikicheka. Leo nimeisoma tena, na kila kitu kimo: mjane, watoto, mabati, kiti. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Mimi nilikuwa natafuta hoja ya kukushinda.

Umenieleza ulichokifanya kwa mpini. Mimi nilimtoa ndani kwa kalamu. Hesabu hiyo usiibebe peke yako.

Kiti kipo. Kipo kwa ajili yake, na kwako, na kwa yaya na watoto wote. Claudine amekwisha kujua, niliona siwezi kumficha, nisamehe. Ametandika kitanda. Tafuta kama yu hai. Tafadhali uniandikie kwamba yu hai.

André


Kambini
25 Septemba 1961

Clément,

Barua hii inakufikia ndani ya samaki wa yaya Adolphine, kwa hiyo itanuka, nawe utafikiri ni mimi ninayenuka. Na ni kweli. Huku hakuna maji ya kutosha.

Niko hai. Jicho la kushoto limekwenda. Daktari wa kambi alisema lililobaki linatosha kwa mwalimu wa hesabu. Mbavu zinauma nikicheka, na Mama ananikataza kucheka, lakini wakati wa vita ile ya juzi, ya askari wa Umoja wa Mataifa na wanajeshi wa serikali, tulilala kifudifudi ndani ya mtaro risasi zikipita, na mzee mmoja pembeni yangu alikuwa akiwalaumu askari kwa kumkanyagia mihogo. Sikuweza kujizuia.

Nasikia kutoka kwa Adolphine kwamba hauli. Basi nisikilize. Ulianza kwa mkono wa kushoto. Wewe si wa mkono wa kushoto, nimekaa benchi moja na wewe tangu utoto. Léonard alipokuambia "mukono mwingine," ndipo ulipobadilisha, na hata hapo ulipiga bega. Jicho ni kazi ya jiwe, na jiwe halikuwa lako. Nilikuwa chini, niliona viatu vyote. Nilijua vipi ni vyako.

Jambo la pili, nalo mwandikie André. Barua yake haikunitoa darini. Nilikwisha kuamua kabla Mulenga hajagonga mlango. Joto la mabati lilikuwa limenishinda, na nilitaka kumwona mama yangu. Ni hayo tu. André asijipe ukubwa, hajawahi kunishinda katika ubishi hata mara moja.

Sikuiti uje. Huku nako kuna vizuizi. Vijana wetu wana minyororo ya baiskeli na visu vya mabati, wanalinda njia zote za hema kwa hema. Juma lililopita Mulamba mmoja, mtu wa kabila la hapa, aliyekuja kuuza kuni walimuuliza amemfuata nani. Akasema hamjui mtu, anauza kuni tu. Walimkata mbele ya watoto. Nilisikia, sikuweza kutembea hadi pale. Nilipaza sauti nikiwa nimelala, na sauti haikufika.

Kwa hiyo sikuiti. Lakini kama siku moja huna mahali pengine, fika langoni mchana, mikono ikiwa wazi. Watakuuliza unamjua nani. Taja jina langu, na ulitaje kwa sauti.

Lucien


Élisabethville
28 Septemba 1961

André,

Yu hai. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu ndilo uliloomba. Amepoteza jicho, na mbavu zimevunjika, lakini anaandika utani. Gari la Sakania lilisimama wakati wa vita, ndiyo maana umekaa bila habari; sasa limeanza kutembea tena.

Ana ujumbe kwako. Anasema barua yako haikumtoa darini. Alikuwa ameamua kabla haijafika, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya mama yake, na anasema usijipe ukubwa. Mimi namsadiki. Nawe msadiki, usiulize zaidi.

Nimefikiri sana juu ya kile alichofanya penye kizuizi. Alipoulizwa habari zake mwenyewe alisema kweli, na kweli hiyo ilimgharimu jicho. Zilipofika habari zangu, bila hata kuulizwa, alidanganya, yeye ambaye seminarini alikubali kunyimwa chakula siku nzima kuliko kumwambia Padri kwamba hakuona nani aliyevunja kioo. Sijui shule ipi inaruhusu mambo hayo mawili kwa pumzi moja.

Sasa sikia linalonihusu. Leo asubuhi Léonard alikuja tena kazini kwangu, mbele ya wakubwa, akakaa juu ya meza yangu. Alisema, "Kesho tunaenda pale kwa mahema. Weye utatangulia. Bale bantu wataona karani wa kravati, hawatakimbia." Nilisema sina nguvu. Akanipapasa shingo, taratibu, kama mtu anayechagua kuku. "Ile siku ulikuwa na nguvu. Ao ulikuwa unatuchezea?"

Nilitafuta hesabu yako, ndugu yangu, kwa kuwa sasa iko mikononi mwangu. Nikienda nao, nyumba ya yaya inabaki salama na mimi ninakuwa mtu yule niliyekueleza katika barua ya kwanza, asiyeweza kulivua koti. Nikikimbilia kwako Sakania, watamuuliza Adolphine nilipo. Kwa hiyo Adolphine na watoto ndio watakaokuja kwako. Wanaondoka leo hii na gari la mchana, Mulenga amewapatia nafasi kwenye behewa la mizigo. Tayari wamefunga sufuria. Wapokee. Mtoto mdogo bado anatazama juu akila, usimkemee.

Kiti kimoja kibaki kitupu. Ni cha Lucien, nitamleta atakapoweza kutembea.

Mimi nakwenda kambini mchana huu, wakati vijana wa Léonard wanalala baada ya bia. Nitawaambia askari wa langoni kinachokuja kesho, waweke bunduki upande wa reli. Kisha nitapita kwa wale vijana wenye minyororo. Ninaogopa sana. Mkono unatetemeka safari hii, utauona kwenye herufi, na nimefurahi kuuona.

Ukitaka kunipata, usiandike kazini, nimeacha ufunguo wa biro, ofisi yetu, chini ya mashini ya kuandika. Usiandike Katuba, huenda kesho nyumba isiwepo. Mpe Mulenga. Mwambie asimpe mtu yeyote kizuizini, hata akitajiwa jina langu, hata na mtu aliyevaa kravati ya buluu. Aende mpaka kwenye waya wa kambi, mahali ambapo wanawake hununua samaki wakavu, amuulize Mama Kapinga. Ni mwanamke mfupi, hujifunga kitambaa cha kijani, na hamjibu mtu mara ya kwanza. Amuulize mara ya pili.

Juu ya bahasha usiandike Clément Mwape, jina hilo pale ni la adui. Andika: Kwa yule anayemjua Lucien.